Kiwango cha van der Poel hakikushuka
Ndugu, umeuliza kama mwendesha baiskeli Mathieu van der Poel kushindwa na mpinzani wake Tadej Pogačar katika mbio za baiskeli za Flanders za 2025 kulionyesha kuwa kiwango chake kilikuwa kimeshuka. La hasha. Takriban wiki mbili kabla alimshinda Pogačar huyo huyo katika mbio za Milano–Sanremo, ambako mwinuko wa kilima cha Poggio, kilicho karibu na mwisho, si mkali na anayemfuata mwenzake gurudumu kwa gurudumu hukingwa upepo. Flanders ina vilima vyenye barabara za mawe vinavyopandwa zaidi ya mara moja, na kimojawapo, Oude Kwaremont, kilipopandwa mara ya mwisho, Pogačar aliwaacha wote. Juma lililofuata, katika mbio za Paris–Roubaix zisizo na milima, Pogačar aliingia kwenye kona kwa kasi mno, akatoka barabarani na kuanguka zikiwa zimebaki takriban kilomita 38, naye van der Poel akashinda kwa mwaka wa tatu mfululizo.