Barua kwa mwanangu: lile kabati la rozwudi

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Picha zako zimefika, na nimezitazama kwa miwani ya mama yako maana yangu imevunjika mkono. Unauliza kama ununue hilo kabati la mbao ya rozwudi lenye njumu, yaani maua yaliyopachikwa ndani ya mbao, ambalo muuzaji hapo Leicester, Uingereza, anasema ni la kama mwaka 1895 na anataka pauni 650, kisha ulisafirishe Unguja liwe zawadi yangu.

Kwangu usilete. Mwenyewe, ukilipenda, lichukue.

Usidhani baba anakataa kitu cha Mzungu. Kabati la namna hiyo halikuchongwa kwenye mti mmoja. Rozwudi unayoiona ni ganda jembamba tu, limegandishwa juu ya mbao nyingine, na maua yale yamepachikwa humo humo. Kinachoshika vyote ni gundi ya kuchemsha ngozi na mifupa ya wanyama, nayo haipatani na fukuto letu. Miaka ya nyuma niliwahi kuletewa kabati kama hilo. Ilipoingia masika maua yakaanza kusimama kama magamba ya samaki. Nikayabandika. Masika ya pili yakasimama tena, na mwenye kabati akaamini kuwa mimi fundi ndiye niliyemharibia. Hata salamu tukaacha kupeana.

Tena kuna vibali. Rozwudi ya Brazili imo kwenye orodha kali ya CITES, mkataba wa mataifa wa biashara ya miti na wanyama walio hatarini, tangu mwaka 1992, na ukoo wake wote wa miti, Dalbergia, ukaingizwa mwaka 2017, na mpingo wetu umo, kwa sababu rozwudi na mpingo ni mtu na nduguye. Ndiyo maana nilipoiona ile mishipa myeusi inayokatiza wekundu sikuhitaji kusoma maelezo yako. Wazungu wameuita mti huo rozwudi, yaani mbao ya waridi, kwa harufu: ukiukata mbichi unanukia kama waridi.

Sasa nenda dukani, na usianzie mbele. Mbele kila mtu anang'arisha. Vuta saraka uitoe yote, uigeuze. Pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni pana meno yaliyoingiliana. Yakiwa hayalingani sana, ni mkono wa mtu uliokata. Tazama skrubu za bawaba. Zikiwa na kichwa cha msalaba, hizo ni za miaka ya 1930 na kuendelea, basi uliza nini kingine kimebadilishwa. Tafuta vitundu vya bungua mgongoni: tundu kavu la zamani halina neno, lakini ukikuta unga mweupe chini yake, mdudu yumo anakula. Pitisha ukucha juu ya njumu, kisha gonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama debe tupu, gundi imeachia.

Angalia pia ukingo wa juu wa saraka kama pana chapa. Gillow wa Lancaster, mafundi samani wa Kiingereza, walikuwa wakigonga jina lao hapo, na jina hilo hupandisha bei. Kama hakuna chapa, pauni 650 ni nyingi. Samani za mbao nyeusi zimeshuka sana thamani huko tangu miaka ya 2000, vijana hawazitaki majumbani. Anzia 400, mwanangu, na usione haya.

Lililobaki ni yale maua meupe, na hili ndilo linalonitia wasiwasi. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona vidoti vidogo vyeusi kama vilivyochomwa na sindano, ni mfupa, starehe. Ukiwa ni weupe safi usio na vidoti, huenda ni pembe ya ndovu. Sheria ya huko ya pembe za ndovu, ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika Juni 2022, inamkamata muuzaji na mnunuzi pia, ila kwa kitu kilichotengenezwa kabla ya 1947 chenye pembe chini ya asilimia 10, nacho lazima kiwe kimesajiliwa kabla ya kuuzwa. Mwombe namba ya usajili. Akianza kukupa hadithi ya bibi yake, mwage hapo hapo.

Ukilipeleka nyumbani, liweke mbali na jua la dirishani na mbali na lile bomba lenu la kupasha moto, kwani ukavu uliozidi nao hulipasua.

Mama yako anasalimu, na anauliza kama kuna mahali pa kutia vikombe vyake siku akija. Mimi nipigie picha ya mgongo wa kabati, na saraka ikiwa juu chini.

Baba yako