Upande wa gome utazame mbele
Unapochonga upinde, upande uliokuwa chini ya gome ndio unaotazama shabaha, wa ndani ya mti ukutazame wewe. Ukivuta kamba, ule wa mbele hutanuka na huu wa ndani hubanwa, kwa hiyo nyuzi za mbele zisikatwe hata kidogo: bandua gome tu, kuchonga kote fanyia ndani. Wangu wa kwanza niligeuza, ukakatika paa! kabla kamba haijafika kidevuni. Pinde za Mary Rose, meli ya Kiingereza iliyozama 1545, zimechongwa hivyo hivyo, mti mweupe (tabaka la nje, chini ya gome) mbele na kiini (mti wa katikati) nyuma. Ila kwa mti wa robinia wengi huondoa ule mweupe wote, kisha wanafuata duara moja la ukuaji wa mwaka kwenye kiini bila kulitoboa.