Nani atasema "twende"? Elewaneni kabla ya uchungu

Mjamzito akiniomba ushauri, mara nyingi huanza na chakula, halafu nguo za mtoto. Namjibu, kisha na mimi namuuliza: usiku kichwa kikikupasuka na mumeo yuko safarini, nani hapo nyumbani atasema "twende hospitali"? Wengi husema itabidi wampigie kwanza. Na simu ikiwa haipatikani? Hapo ndipo mazungumzo yetu huanzia.

Kwenye mimba yangu ya pili tulikuwa tunaishi kijijini, wilaya ya Handeni. Miguu ilinivimba na kila mtu alikuwa na sababu yake: jua, chumvi, mtoto mkubwa. Miguu kujaa jioni mimba ikiwa kubwa ni jambo la kawaida, sikatai. Lakini asubuhi moja niliamka pete haizunguki kidoleni, uso umejaa, kichwa kinagonga, na nikitazama mlangoni naona vimulimuli. Mama mkwe alinikazia macho akasema, "Mwanangu, huu uso si wako. Vaa, tunaondoka." Alimpigia mwanawe tukiwa tayari njiani, kumpa taarifa tu.

Hakufanya hivyo kwa ujasiri wake peke yake. Mume wangu aliponisindikiza kwenye hudhurio la kwanza la kliniki, nesi alimwambia achague mtu wa kuamua asipokuwepo. Jioni ile alimwambia mama yake mbele yangu na mbele ya shemeji zangu: "Mama, ukiona hayuko sawa, mpeleke, usinisubiri. Pesa iko kwenye kopo." Sentensi hizo ndizo zilizonifikisha kituo cha afya mapema. Presha ilikuwa 160/110 na mkojo una protini. Nilichomwa sindano ya magnesiamu kuzuia degedege, nikapewa rufaa, na mtoto akatolewa kwa upasuaji. Yuko shule sasa.

Presha ya namna hiyo isipowahiwa huweza kuleta degedege, yaani kifafa cha mimba. Kina dalili zake, na hizo ndizo nataka kila bibi na kila shemeji azijue: kichwa kisichotulia, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu makali juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla. Na kuna anayepanda presha bila kusikia chochote. Kwa hiyo kila hudhurio uliza namba ya presha yako na hakikisha imeandikwa kwenye kadi. Baada ya wiki ya 20, ikifika 140/90 usiondoke bila maelezo na bila kupimwa mkojo. Kama zahanati haina vipimo vya mkojo, uliza kituo gani kinavyo na uende siku hiyohiyo.

Ndiyo maana nakazania kuanza kliniki kabla ya wiki ya 12, hata kama mimba haijaonekana na unaogopa maneno ya watu. Presha iliyopimwa mapema ndiyo ya kulinganishia baadaye. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri mjamzito aonane na mhudumu angalau mara nane.

Tanzania tumepiga hatua ya kweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Lakini watafiti Thaddeus na Maine walieleza mwaka 1994 kwamba mama hucheleweshwa mahali patatu: kuamua, kufika, na kuhudumiwa akishafika. La tatu ni deni la serikali na wahudumu, na tuendelee kulidai kwa sauti. La kwanza liko sebuleni kwetu.

Kufika pia kunapangwa. Namba 115 hupigwa bure. Ni ya mfumo wa m-mama unaosafirisha wajawazito, waliotoka kujifungua na watoto wachanga wenye dharura. Gari la wagonjwa likiwa mbali, hutumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na familia haimlipi. Iandike kwenye kadi, pamoja na simu ya bodaboda unayemwamini kwa usiku. Kama nyumbani kwako mvua hukata barabara, au uliwahi kupasuliwa, au una mapacha, omba kukaa chigonela, nyumba ya kusubiria karibu na hospitali, wiki za mwisho. Najua ni vigumu kuacha watoto na shamba. Tafuta mapema wa kukaa nao.

Jambo jingine ambalo familia nyingi hazilifikirii ni damu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa chache, na benki ya damu si kila siku imejaa. Ongea na ndugu wawili watatu wenye afya, wakubali tangu sasa kuitwa saa yoyote kuchangia. Khanga ikilowa chapachapa na damu bado inakuja, piga kelele, mwite nesi, usione aibu kumsumbua.

Na makubaliano ya nyumbani yasiishe mtoto akizaliwa. Kifafa cha mimba kinaweza kumshika mama hata baada ya kujifungua, hasa siku za mwanzo, wakati wageni wanamiminika na kila mtu anamtazama mtoto. Presha yangu ilipanda tena nikiwa nimesharudi nyumbani. Safari hii wifi yangu ndiye aliyesema twende, na mama mkwe akabaki na wageni.