Kilo za dawa, kilo za chips: majibu ya maswali yenu

Wiki hii maswali mengi yamekuja kwa kunong'ona, kama mtu aliyeinama kwenye dirisha la dawa. Majina nimeyaacha.

"Shikamoo dokta. Nilianza dawa za kufubaza VVU mwaka 2021 nikiwa na kilo 54. Leo nina 77, magauni yote nimegawa. Wifi anasema ni kidonge. Sasa nameza leo, kesho naruka. Nakosea?" (Mama wa Mbagala)

Marahaba, mama. Unakosea, na hilo la kuruka liishe leo. Virusi vikipata mwanya vinazaliana, vikishakuwa sugu dawa haivishiki tena.

Ila wifi naye hajakosea kote. Wengi wenu mnapewa kidonge kimoja chenye dawa tatu: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Hii ya mwisho ndiyo inayotajwa kwenye habari za uzito. Utafiti wa ADVANCE uliofanyika Johannesburg, matokeo yake yakatoka mwaka 2019, ulionyesha waliotumia dolutegraviri wakinenepa kuliko waliotumia efavirenzi, dawa nyingine ya VVU, na wanawake kuliko wanaume. Lakini sehemu ya kilo zako ni afya iliyorudi. Huenda yale magauni ya kilo 54 yalikuwa ya mgonjwa.

Kuna na kosa letu watu wa kliniki. Enzi zile wagonjwa wanaletwa wamebebwa, tuliwaambia: "Dawa hizi kali, kuleni sana." Nyakati zimebadilika, ule ushauri umebaki mtaani. Namfahamu mama mmoja aliyekuwa akijilazimisha sahani ya chips mayai na soda saa tatu usiku, ameshiba tayari, ili dawa "ikute kitu tumboni". Kidonge hiki kinamezwa hata bila chakula! Alipoacha ile sahani, miezi michache mbele sketi zikaanza kumpwaya.

Mwombe fundi cherehani akupime kiuno kwa futi yake, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi. Kwa mwanamke, kuvuka sentimita 80 ni dalili ya kujiangalia. Ukivuka 88, siku ya kuchukua dawa usitoke kliniki kabla hujaomba kupimwa sukari, presha na mafuta ya damu. Kwenye chakula, mimi ningeanza kukata soda kabla ya kugusa wali.

"Nina miaka 51, natumia ARV, na juzi nimeambiwa nina sukari. Metfomini na ARV vinapatana?" (Baba wa Tabata)

Vinapatana, kwa masharti. Dolutegraviri inapunguza kasi ya figo kutoa metfomini, kwa hiyo metfomini inajazana mwilini. Kwa kawaida dozi haivuki miligramu 1,000 kwa siku, na figo zipimwe kwanza. Shida ninayoiona ni watu wenye kadi mbili zisizojuana: ya CTC (kliniki ya dawa za VVU) anaificha kliniki ya sukari, ya sukari anaisahau CTC. Zionyeshe zote mbili, kote kuwili.

Na wengine mjue: baadhi ya watu sukari hupanda miezi ya mwanzo ya dolutegraviri. Kiu isiyoisha, kukojoa usiku kucha, kukonda ghafla. Mtu akikonda anadhani virusi vimerudi, kumbe ni sukari. Ukipima hujala kitu tangu usiku na ikasoma 7.0 mmol/L au zaidi, kipimo kirudiwe.

"Nilianza dawa 2006. Mashavu yamebonyea, miguu imekuwa fito, tumbo limetokeza. Nimerogwa?" (Kigogo)

Hujarogwa. Ninayemshuku ni stavudini, iliyokuwa ikitolewa sana miaka hiyo, nayo hula mafuta ya uso na miguu. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi ziiondoe. Mashavu hujaa polepole baada ya kubadilishiwa dawa, na mara nyingi hayajai yote. La tumbo, rudi kwa mama wa Mbagala hapo juu.

"Maji ya ndimu yanakata mafuta mwilini?" (Kimara)

Hayakati. Yakikuletea kiungulia, angalia hivyo vidonge vya kutafuna vya kiungulia: vingi vina magnesiamu au alumini, vinavyozuia dolutegraviri isiingie vizuri kwenye damu. Meza dolutegraviri saa mbili kabla yake au saa sita baada yake.

"Niko kwenye dawa za mstari wa pili, atazanaviri na ritonaviri. Mafuta ya damu yamepanda, duka la dawa limeniuzia simvastatini." (Temeke)

Usiimeze. Ritonaviri inalizuia ini kuivunja simvastatini, inapanda kwenye damu hadi kuharibu misuli, na misuli ikiharibika figo nazo zinaumia. Zipo dawa nyingine za kundi hilo, mfano atovastatini kwa dozi ndogo, daktari wa CTC atakuchagulia. Kama umeshameza na misuli inauma, au mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda leo, na hiyo pakiti uibebe mkononi.