Seleri inakataa mawe, romarini inayapenda

Maswali ya wasomaji kuhusu majani ya jikoni na majani ya dawa. Anajibu Mama wa Bustani, muuguzi mstaafu, Himbi, Goma.

"Mama, jambo yako. Parseli yetu, yaani kiwanja, iko juu ya mawe ya volkano ya 2002. Nimepanda seleri na persili mara tatu. Mbegu haitoki, au inatoka halafu inakauka kabla ya kufika urefu wa kidole. Majirani wanasema ardhi ya volkano ina rutuba kupita zote. Hiyo rutuba iko wapi?" (Mama wa watoto wanne, mtaa wa Virunga)

Dada yangu, majirani hawasemi uongo, ila wanakusimulia habari za vitukuu vyako. Mawe yaliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo Januari 2002 bado ni mawe. Mpaka yageuke udongo yanataka mvua, mizizi na miaka mingi sana. Ule udongo mweusi unaosifiwa ni wa Kibumba na Rugari, ambako volkano ilipita zamani za mababu wa mababu, na ndio huo unaouona ukishuka mjini kwa magunia juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma.

Usiilaumu mbegu. Mwaga bidoni (dumu) ya maji hapo kwako uangalie: maji yamekwisha kupotea hata bidoni hujaiweka chini. Jiwe hilo lina matundu kama mkate. Na seleri asili yake ni mahali pa majimaji. Ikikosa maji siku mbili inakuwa ngumu na chungu, ikikosa zaidi inajilalia.

Mimi seleri siipandi chini kabisa. Nina mabeseni mawili yaliyopasuka, yale ya kufulia, nimeyatoboa matundu kwa msumari wa moto. Kitakoni naweka kokoto za volkano unene wa vidole vitatu, juu yake udongo wa Kibumba sehemu mbili kwa sehemu moja ya samadi ya mbuzi iliyooza. Nasema iliyooza. Mwaka niliostaafu nilikuwa na haraka ya kuonekana mkulima, nikachukua samadi ya kuku bandani kwa jirani siku hiyohiyo, bado inachoma pua. Miche arobaini ya persili iliungua ndani ya siku tano, utadhani nimeimwagia maji ya uji. Mume wangu alicheka wiki nzima. Samadi ya kuku ifunike, iache miezi mitatu au zaidi, mpaka inuke udongo.

Mbegu ya seleri ni ndogo kuliko punje ya chumvi, na inataka mwanga. Ukiifukia umeizika. Inyunyize juu ya udongo uliolowa, ikandamize kwa kiganja, mwagilia kwa chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, kisha vumilia wiki mbili hadi tatu. Persili nayo iloweke usiku mmoja, uivumilie vilevile. Ukishindwa kuvumilia, iko njia ya wavivu, ambayo ndiyo ninayoitumia mara nyingi: nunua soko la Kituku fungu la seleri lenye mizizi, majani ya nje yapike na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kile kichipukizi cha katikati kipande jioni. Baada ya siku kumi hivi kinaanza kutoa jani jipya.

Lakini mawe yako usiyatukane. Romarini, ambayo wengine wanaiita rozimari, inataka hasa kile ambacho seleri inakataa: maji yapite, mizizi ikauke, jua lipige. Omba tawi la urefu wa kiganja, pukutisha majani ya nusu ya chini, lichomeke kwenye ufa wa jiwe uliojazwa konzi mbili za udongo, upande wa ukuta unaopata jua. Lilowanishe kwa miezi miwili ya kwanza mpaka lishike, baada ya hapo lisahau. Yangu imefika kiunoni, na sikumbuki mara ya mwisho niliyoimwagilia.

"Ninachimba shimo la mbolea nyuma ya nyumba, kama mita moja na nusu kwenda chini. Asubuhi mbili nimekuta mijusi imekufa ndani, na leo ndege mdogo. Je, ni sumu ya panya ya jirani? Mbolea yake itafaa?" (Baba mwenye shamba dogo, Lac Vert)

Baba, acha kuchimba leo. Usisubiri kesho. Jirani hana kosa, hiyo ni mazuku. Gesi ya kaboni dioksidi inatoka ardhini huko kwenu, haina rangi wala harufu, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa inalala kwenye mashimo na mabonde, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mjusi ametangulia kwa sababu pua yake iko chini. Wewe ukiinama na koleo, pua yako inafika palepale.

Watoto wasisogee. Mtu akianguka humo, asiruke mwingine kumfuata, maana ndivyo mazuku inavyoondoka na watu wawili badala ya mmoja. Fukia shimo lote kwa mawe ukiwa umesimama juu, mchana, upepo ukivuma. Wajulishe wa Observatoire Volcanologique, wale wanaochunguza volkano, waje kupima. Mbolea ifanyie juu ya ardhi: panga mawe duara mpaka magotini, tupa humo maganda ya ndizi, majani na jivu kidogo la makaa. Kidogo tu, jivu likizidi linaunguza mizizi.

"Mama, manti yangu imeingia mpaka kwa jirani na tumegombana." (Kijana wa Ndosho)

Mwanangu, manti, ambayo wengine wanaiita nanaa, ni mgeni anayeomba kiti halafu anachukua kitanda. Ing'oe yote, kata bidoni katikati, itoboe chini, uifunge humo. Jirani mpelekee fungu la chai na uombe radhi.

"Mwanangu wa miaka miwili anashikwa na homa kila mwezi. Shangazi ana artemisia na mubirizi, ule wa majani machungu, bustanini, anasema hayo ndiyo malaria inayaogopa, vidonge ni biashara tu. Nimpe vikombe vingapi?" (Mama kijana, Katindo)

Mama, kwa mtoto huyo kikombe hata kimoja hapana, na nitakueleza bila kumdharau shangazi.

Anachosema kuhusu artemisia kina ukweli ndani yake. Mwanamke Mchina, Tu Youyou, ndiye aliyeongoza kazi ya kutoa artemisinini kwenye mmea huo, Artemisia annua, katika miaka ya 1970, na mwaka 2015 akapewa tuzo ya Nobel. Vidonge wanavyokupa kituo cha afya vimetokana na mmea huohuo wa shangazi. Tofauti iko kwenye kipimo. Artemisinini haiyeyuki vizuri majini. Kikombe cha leo kinaweza kuwa nayo kidogo, cha kesho kidogo zaidi, kulingana na mmea, mwezi uliovunwa na ulivyouanika. Mtoto anatoka jasho, homa inapoa, mnashukuru, kumbe vijidudu vilivyobaki vinaongezeka na vinajifunza kuizoea dawa. Kwenye kidonge dawa hiyo imepimwa kwa kilo za mtoto, na imeunganishwa na ya pili inayomalizia kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa msimamo wake mwaka 2019: haliungi mkono chai wala unga wa artemisia kwa kutibu au kuzuia malaria.

Nina sababu ya kuwa mkali. Usiku mmoja wa mvua, kwenye kituo nilikofanya kazi, mama alikuja na mtoto mgongoni, siku ya nne ya homa, mkononi chupa ya plastiki ya majani yaliyochemshwa, imebaki robo. Nilivuta kope la chini la yule mtoto. Ndani palitakiwa kuwa pekundu, palikuwa peupe kama karatasi. Aliongezewa damu mara mbili, akapona. Mama yake aliishikilia ile chupa mpaka asubuhi, nami sikuwa na moyo wa kumwambia aitupe.

Kwa hiyo homa ikianza, siku hiyohiyo, mpeleke atobolewe kidole, damu ipimwe malaria. Na homa ya kila mwezi si lazima iwe malaria. Waangalie pia masikio, mkojo na kifua.

Mubirizi wa shangazi una nafasi yake. Ni ua zuri la kuzungushia parseli, mbuzi wanaula, na majani machanga yakisuguliwa na kuoshwa mara tatu yanaingia sufuriani. Sokwe wa Mahale, kule ng'ambo ya ziwa Tanganyika, wameonekana wakitafuna shina lake wanapougua, na watafiti wanaamini ni kwa ajili ya minyoo. Sokwe hao wanajitafunia wenyewe, hawampimii mtoto wa mtu. Wewe mwenyewe ukiwa na mimba, kaa mbali na mubirizi na artemisia pia.

"Nyanya yangu ana pumu. Anakausha yale maua meupe makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta na kuvuta moshi wake. Anasema yanamfungua kifua." (Mwanafunzi, Kyeshero)

Yanamfungua kweli, na hapo ndipo yanapodanganya. Maua hayo, pamoja na rwiziringa (datura) inayoota jalalani, yana atropini na skopolamini. Zinalegeza mirija ya kifua, lakini kipimo cha kufungua na kipimo cha kuua vimekaribiana, tena ua moja halifanani na jingine. Ukimkuta mdomo umekauka, mboni zimekuwa kubwa, moyo unakimbia, anaongea na watu ambao hawapo, usimpe maziwa wala mafuta: hospitali. Mwombee pampu ya pumu, umfundishe kuivuta. Mti mwachieni, ni mzuri kwa macho, ila uwe mbali na bustani ya mboga. Kwa kikohozi cha kawaida anaweza kunywa manti na tangawizi na kijiko cha asali. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka hapewi asali.

"Moshi wa Nyiragongo ukituelekea na mvua ikanyesha, persili inapata madoa ya kahawia. Tuile?" (Msomaji wa Mabanga)

Gesi ya volkano ikikutana na mvua inakuwa asidi, ndiyo hiyo inayochoma jani. Kata yenye madoa, iliyobaki ioshe vizuri kwa maji safi, hasa kama kuna vumbi jeusi, upike. Maji ya mvua ya siku hizo msiyakinge kwa kunywa, yanaweza pia kubeba floridi nyingi inayoharibu meno ya watoto. Na mabeseni yafunikwe mapema. Mimi upepo ukigeuka natandaza juu ya seleri mapazia ya zamani ya sebuleni, yenye maua mekundu, na wapita njia wananipigia kelele kwamba nimesahau nguo mvuani.