Jibu: D.Min. au PhD kwa mchungaji aliye kazini?

Bwana asifiwe, mtumishi. Umeuliza usome D.Min. (Doctor of Ministry, yaani udaktari wa huduma ya kanisa) au PhD ilhali bado unachunga kanisa. Kwa hali yako mimi ningechagua D.Min.

PhD humwandaa mtafiti na mhadhiri, na mara nyingi itakudai lugha za Biblia na miaka ya kukaa maktabani. D.Min. ni udaktari unaolenga kazi yenyewe, kwa aliye tayari kwenye huduma, ndiyo maana vyuo vingi hutaka uwe na M.Div. (Master of Divinity, shahada ya uzamili ya kuandaa wachungaji) au shahada inayolingana nayo, pamoja na takribani miaka 3 ya utumishi. Unakwenda darasani kwa vipindi vifupi, kisha unarudi kwa waumini wako. Wengi humaliza kati ya miaka 3 na 6.

Kiini chake ni mradi wa mwisho. Unachukua tatizo halisi la kanisani, tuseme vijana wanaotoweka baada ya kipaimara, unalichunguza kitheolojia, unajaribu njia ya kulitatua, unapima matokeo na kuyaandika. Hapo ndipo watu hukwama, kwa sababu huchagua mada pana mno. Anza kuiwaza mada yako sasa, kabla hata hujajaza fomu, na uwashirikishe wazee wa kanisa; bila wao mradi hautembei.

Ithibati ya chuo uihakikishe kwa mamlaka inayoitoa, usitegemee tovuti ya chuo peke yake. Udaktari wa kununua huwaumiza watumishi na kuwavunja moyo waumini.

Je, M.Div. unayo tayari?