Kabla ya kununua kitasa kingine

Ndugu, umeuliza ununue kitasa gani cha bei ili mlango wa mbele usivunjwe. Mimi ningeanza na fremu. Mlango ukipigwa teke, mara nyingi kitasa hubaki kizima. Kinachopasuka ni mbao ya fremu, pale ulimi wa kitasa (kile chuma kinachochomoza kufunga mlango) unapoingia. Hebu fungua kile kibati cha kwenye fremu utazame skrubu zake: nyingi huwa fupi, sentimita 2 hivi, zimeshika ubao mwembamba tu. Weka kibati kirefu, kizito, na skrubu za sentimita 7 au 8 zipite fremu hadi ukutani (kama ni tofali, toboa kwa drili kwanza, usilazimishe). Ulimi utoke sentimita 2.5 kamili, na uufunge kwa ufunguo kila unapotoka. Ule wa mshazari unaojifunga wenyewe husukumwa hata kwa kadi.

Bawaba je? Mlango ukifungukia nje, pini ziko upande wa mwizi, kwa hiyo tafuta zenye pini isiyochomoka. Na kama mlango wenyewe ni ule mwepesi wenye uwazi ndani, badilisha mlango kwanza.